Dhana ya Kweli na Lugha katika Vitabu vya Kwasi Wiredu

Kwasi Wiredu (1931–2022), mwanafalsafa wa Ghana, alisoma Oxford chini ya usimamizi wa Gilbert Ryle, katika mkondo wa falsafa changanuzi. Katika Philosophy and an African Culture (1980) aliutumia uchanganuzi huo kuzihoji mila za Kiafrika na fikra za Magharibi kwa kipimo kimoja. Katika Cultural Universals and Particulars (1996), kitabu kinachotetea pia siasa ya mwafaka isiyo ya vyama kwa kurejelea mabaraza ya Waashanti, lugha yenyewe inakuwa hoja. Wiredu anadai kwamba kauli “kweli ni kulingana na hakika”, ikisemwa kwa Kiakan, haifafanui kitu, kwa kuwa dhana zote mbili hurejea kwenye usemi mmoja: “ni hivyo”. Basi tatizo hilo limetokana na lugha, si na akili ya binadamu wote.

Hata hivyo, hitimisho hilo haliwezi kuhamishiwa kwenye Kiswahili bila uchunguzi. Kiswahili kina “kweli” na pia “hakika”, neno lenye asili ya Kiarabu; kwa hiyo kauli ileile inaweza kubeba maana. Kinachofaa kurithiwa kutoka kwa Wiredu ni njia yake ya kuhoji, si jibu alilolipata katika Kiakan.