Kuziba tena (kwa ateri ya moyo)
Zibua ni kinyume cha ziba. Ateri ya moyo iliyozibuliwa kwa katheta na kuwekewa stenti husemwa “imeziba tena” katika hali mbili ambazo madaktari hawazichanganyi. Ya kwanza ni ateri kuwa nyembamba upya: tishu huota polepole ndani ya stenti, kwa miezi. Ya pili ni damu kuganda ghafla ndani yake, jambo liwezalo kuua upesi. Katika fomu ya ridhaa, mfasiri azitenganishe. Mgonjwa aliyesoma “kuziba tena” pekee hataelewa kwa nini asikatize dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari. Mshipa nalo, kwa kuwa huitwa hivyo hata vena na neva, halitoshi hapa.