Mafundi wa Kisumu na Nyumba za Umma

Katika desturi ya Wajaluo, mtu aliyetaka kuanzisha boma lake hakumwajiri mgeni amfanyie kazi hiyo. Alitoka alfajiri pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto, wakaenda mahali palipochaguliwa. Na nyumba ya kwanza ikasimamishwa kwa mikono ya jamaa na majirani. Ujenzi ulikuwa kazi ya wenyeji. Basi yatupasa kuuliza: ilikuwaje mji wa Kisumu, ulio mkubwa kuliko miji yote ya nchi yao, ukajengwa kwa muda mrefu na wakandarasi waliotoka mbali, ilhali wenyeji wakabeba mawe na kuchanganya udongo?

Jibu laanza na reli. Ilianza kujengwa Mombasa katika mwaka wa 1896, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Preston. Kwa kazi hiyo waliletwa Wahindi zaidi ya 30,000, na miongoni mwao walikuwamo waashi, maseremala na wahunzi. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki. Hao walikuwa na ujuzi, na zaidi ya ujuzi walikuwa na jamaa na wafanya biashara wa kudhaminiana nao. Serikali ya kikoloni ilipotaka ofisi au ghala, ilimwita mkandarasi wa Kihindi.

Si kweli kwamba Mwafrika alikosa akili ya kazi hiyo. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa katika mwaka wa 1906, ilifundisha useremala na ufyatuaji wa matofali pamoja na kusoma, na baadaye chuo cha ufundi cha Kabete kilitoa mafundi kutoka pande zote za nchi. Lakini fundi alipohitimu alibaki kuwa kibarua wa mwingine. Hakuwa na hati ya ardhi ya kuweka rehani, na sheria ya kikoloni iliweka mpaka mdogo sana wa deni ambalo Mwafrika aliweza kudaiwa mahakamani; basi ni nani angemkopesha? Mkono ulijua kazi, lakini mfuko ulikuwa mtupu.

Wako waliokataa hali hiyo. Katika miaka ya 1940 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliacha ualimu akaongoza Luo Thrift and Trading Corporation, shirika la watu walionunua hisa ndogo ndogo ili wafanye biashara na kujenga majumba yao wenyewe. Kadhalika chama cha Luo Union kilichangisha fedha na kujenga Kisumu ukumbi wa ukumbusho wa Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa katika mwaka wa 1953. Haba na haba hujaza kibaba. Hayo yalionekana kwa macho.

Nyumba za umma zilikuwa jambo jingine. Mwaka ule ule wa 1953 serikali iliunda halmashauri kuu ya nyumba, ambayo katika mwaka wa 1967 ilikuwa Shirika la Taifa la Nyumba. Manispaa ya Kisumu nayo ilikuwa na mitaa ya kupangisha, kama Makasembo, Ondiek na Arina. Miaka ilipita, mabati yakala kutu, mabomba yakavuja, kuta zikaingia nyufa. Kazi iliyotakiwa sasa ilikuwa kutengeneza, na kutengeneza ni kazi inayomfaa fundi wa mtaani kuliko mtu yeyote, maana anaishi karibu na anaujua udongo mweusi wa Kisumu, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua.

Mbona basi fundi huyo haji kuomba kazi? Tumfikirie mtu aliyepata kazi ya shilingi 1,000,000. Mabati na rangi hununuliwa kabla ya kuanza; vibarua hulipwa kila Jumamosi; lakini malipo ya serikali huenda yakachelewa miezi mingi. Mwenye mtaji mkubwa hungoja. Mwenye mtaji mdogo huuza ng'ombe, kisha shamba, na mwakani hasomi tena tangazo la zabuni.

Baada ya uhuru serikali iliyaona haya, ikaunda Shirika la Taifa la Ujenzi ili kuwakopesha na kuwafundisha wakandarasi Waafrika. Lakini shirika hilo lilivunjwa katika miaka ya 1980. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 ilikwenda mbali zaidi. Iliagiza asilimia 30 ya kazi iwekwe kwa vijana, wanawake na walemavu, na kila kaunti iwawekee wakaazi wake angalau asilimia 20. Dhamana ya zabuni isizidi asilimia 2 ya makadirio, na makundi yale yaliyotengewa yatie sahihi ahadi tu badala ya kuweka fedha.

Hizo ni sheria njema, lakini sheria haipigi lipu. Kazi ya mitaa minne ikitolewa kwa hati moja, wadogo hawaiwezi. Ikigawanywa kwa haki, paa mbali na mabomba mbali, wengi wataijaribu. Tangazo likibandikwa sokoni na kuelezwa kwa lugha ya watu, litasomwa. Na zaidi ya yote, mtu akilipwa kwa wakati, jirani yake ataomba kazi ijayo bila kubembelezwa. Fundi naye ana wajibu wake: aandike hesabu zake, ajiandikishe, asiibe saruji, maana atakayenyeshewa ndani ya nyumba ile ni ndugu yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Historia ya Kisumu yatufundisha kwamba kuna nyufa mbili: ule wa ukutani, na ule uliomtenga mwenyeji na ujenzi wa mji wake. Anayetaka kuuziba wa kwanza kwa faida ya kudumu hana budi kuuziba na wa pili.