Jina Lililoletwa na Viwavi

Ukisimama mlangoni mwa kanisa hapa Kerende siku ya Jumapili ukaita "Marwa!", watageuka watu wengi. Ukiita "Chacha" watageuka wengine. Ukiita "Mwita" huenda asigeuke hata mmoja, maana kila Mwita atadhani anaitwa mwenzake. Kwa akina mama hali ni hiyo hiyo: Bhoke, Ghati na Robhi wamejaa kila benchi. Sisi Wakurya tuna majina yanayozunguka. Jina la babu humrudia mjukuu, la bibi humrudia mjukuu wa kike, na kwa njia hiyo aliyekufa haondoki kabisa katika boma lake.

Siku hizi wazazi wanaoleta watoto kubatizwa huwa na maswali mawili mioyoni. La kwanza: je, si vizuri mtoto wangu apate jina la pekee, ambalo hakuna mwingine analo? La pili ni zito zaidi: je, jina la babu, lililotolewa kabla Injili haijafika kwetu, linastahili kuandikwa katika kitabu cha ubatizo? Njia moja ya kuyajibu ni kuangalia historia ya jina moja la mkoani kwetu. Ni jina adimu, wenye nalo ni wachache, lakini Tanzania nzima inalijua. Ni jina la Nyerere.

Kwanza tuelewe kwamba jina la ukoo, yaani jina moja linaloshuka kutoka kwa baba hadi vitukuu bila kubadilika, halikuwa desturi yetu. Chacha akimzaa mwana, huyo ni Mwita wa Chacha. Mwita akimzaa mwana, huyo ni Marwa wa Mwita, na jina la Chacha linabaki nyuma mpaka litakapompata mjukuu wa kulibeba. Ukoo wenyewe ulijulikana kwa njia nyingine: huyu ni wa Wanyamongo, yule ni wa Wanyabasi, yule ni wa Wairege. Hata leo Kerende wakiwapo akina Chacha Marwa wawili katika orodha moja, mwandishi huwatenganisha kwa jina la babu.

Mambo yalibadilika kalamu ilipoingia. Karani wa kodi, mwalimu wa shule na mmisionari, kila mmoja alikuja na daftari lake, na kila daftari lilidai jina la mwisho. Mara nyingi jina hilo likawa la baba. Likishaandikwa, halikusogea tena. Hivyo ndivyo jina la mtu mmoja, lililomhusu yeye peke yake na siku aliyozaliwa, lilivyoweza kuwa jina la watoto, wajukuu na vitukuu.

Sasa tuvuke Mto Mara twende katika nchi ya Wazanaki. Mwaka 1860 alizaliwa huko mtoto wa kiume wa Burito. Wakati huo viwavi walikuwa wamevamia eneo lile. Kwa Kizanaki viwavi hao huitwa nyerere, na mtoto akapewa jina hilo: Nyerere wa Burito. Mkulima wa Mara hahitaji kuelezwa viwavijeshi ni nini. Huja baada ya mvua, wanatembea kama jeshi, na shamba la mtama lililokuwa la kijani siku chache tu nyuma linabaki vijiti. Mama aliyejifungua wakati kama huo alimnyonyesha mwanawe huku akijua kwamba ghala litakuwa tupu.

Kwa nini basi kumpa mtoto jina la balaa? Wazee wetu hawakuwa na kalenda ya ukutani. Jina lilikuwa kalenda. Majirani zetu Wajaluo wa Rorya humwita Okoth mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na humwita Obonyo aliyezaliwa nzige walipovamia. Wabukusu wa Kenya humwita Nekesa binti wa wakati wa mavuno. Kwetu yupo Wambura, wa mvua. Mtu akiulizwa umri wake, jina lilijibu: nilizaliwa mwaka ule wa viwavi. Haikuwa laana. Ilikuwa kumbukumbu, na ndani yake mlikuwa na shukrani ya kimya pia, kwamba viwavi walikula shamba lakini mtoto alipona.

Maandiko Matakatifu yanaijua desturi hii. Katika sura ya 35 ya kitabu cha Mwanzo, Raheli akiwa katika kukata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wake, lakini Yakobo akambadilishia na kumwita Benyamini. Katika sura ya 4 ya Mambo ya Nyakati wa Kwanza yupo Yabesi, ambaye mama yake alimpa jina hilo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Yabesi alimlilia Mungu asipatwe na huzuni hiyo, na Mungu akamjalia. Naye nabii Yoeli aliona nchi iliyoliwa na tunutu, nzige, parare na madumadu, kisha akatangaza kwamba Bwana atairudisha ile miaka iliyoliwa na wadudu. Anayesoma sura hizo za Yoeli akiwa Mara anaona shamba lake mwenyewe.

Nyerere wa Burito alikua, akaoa wake wengi kwa desturi ya wakati ule, na mwaka 1915 Wajerumani wakamsimika kuwa mtemi. Alifariki mwaka 1942. Mwanawe Edward Wanzagi akarithi utemi. Watoto wake walioingia shuleni na kanisani waliandikwa kwa jina la baba yao, na jina la viwavi likawa jina la familia: Edward Wanzagi Nyerere, Joseph Nyerere, Julius Nyerere.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini jina hili ni adimu. Jina kama Marwa lina milango mingi ya kuingilia, kwa kuwa kila ukoo na kila kizazi hulipa upya. Jina la tukio lina mlango mmoja tu: lazima viwavi waje, mtoto azaliwe, na mzazi aamue kumwita hivyo. Tena jina la familia lililoanza kwa mtu mmoja husimama au kuanguka na watoto wake. Kizazi kimoja kikikosa wana wa kulibeba, linazimika. Baada ya uhuru wapo waliowaita watoto wao Nyerere kwa heshima ya Rais wa kwanza, lakini hao walipewa jina la mtu. Jina la viwavi lilikuwa la yule mtoto wa mwaka 1860.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika nchi ya Wacheki, huko Ulaya ya kati, watu wa kawaida nao zamani walijulikana kwa majina yaliyoweza kubadilika, mpaka mwishoni mwa karne ya 18 ambapo serikali ya Kaisari Joseph II iliwataka wawe na majina ya familia yasiyobadilika. Wacheki wengi leo wanaitwa Novák, maana yake mtu mpya, mgeni aliyehamia kijijini. Kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mgeni wake, jina hilo lilianza mahali pengi na likawa la kawaida kuliko yote. Lakini wapo pia wanaoitwa Nejezchleba, yaani "usile mkate", na Moucha, yaani "nzi". Bila shaka majina kama hayo yalianza kama utani wa jirani kwa mtu fulani. Mtu alikufa, utani ukasahaulika, jina likabaki kwa wajukuu. Kumbe Mcheki aitwaye Nzi na Mzanaki aitwaye Viwavi wangeweza kuketi pamoja wakaelewana bila taabu.

Turudi kwa yule mwana wa mtemi aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, kwa mama Mgaya wa Nyang'ombe. Alipozaliwa aliitwa Mugendi, maana yake mwenda kwa miguu. Baadaye, kwa ushauri wa mpiga ramli, jina likabadilishwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa kike unaohusishwa na mvua. Siku ya kuzaliwa kwake mvua ilikuwa imenyesha sana. Alisoma Mwisenge mjini Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21, alibatizwa katika misioni ya Nyegina na kuchukua jina la Julius.

Tazama alivyoandika jina lake tangu hapo mpaka alipofariki mwaka 1999: Julius Kambarage Nyerere. La kwanza alilipata kisimani pa ubatizo. La pili lilitoka kwa mpiga ramli. La tatu lililetwa na wadudu waharibifu. Hakuyaficha mawili ili moja ling'ae. Mkristo huyu aliyependa kuhudhuria Misa, ambaye jimbo letu la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005 na ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alibeba jina la mzimu wa mvua hadi kaburini Butiama.

Je, hilo halina kasoro? Wapo waamini wanaoona shida hapa, na shida yao si ya kupuuzwa. Anayeacha matambiko kwa ajili ya Kristo hataki kubaki na kamba inayomrudisha huko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Hata sheria hiyo kali haikusema jina la wazazi lifutwe. Sheria ya mwaka 1983, tunayoifuata leo, inadai tu kwamba jina lisiwe geni kwa mwelekeo wa Kikristo. Mlango ulio wazi kwa Marwa na Bhoke ni mpana kuliko wengi wanavyofikiri.

Kanisa la mwanzo lilipita njia hii kabla yetu. Soma salamu za Mtume Paulo mwishoni mwa Waraka kwa Warumi. Anamsalimu Herme, ambaye jina lake ni la mungu wa Wagiriki. Anamsifu dada Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ambaye jina lake lilikuwa pia sifa ya mungu wao wa kike Artemi. Katika Wafilipi anamtaja Epafrodito, jina linalotokana na Afrodite. Apolo, yule mhubiri hodari wa Matendo ya Mitume, jina lake lilitokana na mungu Apolo. Hatusomi popote kwamba Paulo aliwadai majina mapya. Aliwadai maisha mapya. Jina lililokuwa la sanamu likawa la mtenda kazi shambani mwa Bwana, na polepole watu wakasahau sanamu wakamkumbuka mtenda kazi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Kambarage na kwa Nyerere. Ni Watanzania wangapi leo wakisikia jina Nyerere wanafikiria mtama ulioliwa? Wanafikiria mwalimu. Maana ya zamani haikukatazwa na mtu. Ilifunikwa na maisha ya aliyelibeba.

Basi kwa swali la pili jibu letu ni hili: jina la babu haliwi kikwazo kwa mtoto kama imani ya nyumba anamokulia ni hai. Na nyumba isiyosali haitaokolewa na jina la mtakatifu.

Kwa swali la kwanza, la jina la pekee, tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Jina Yesu, ambalo ni sawa na Yoshua, lilikuwa la kawaida sana kwa Wayahudi wa wakati ule. Waraka kwa Wakolosai unamtaja Yesu mwingine aitwaye Yusto, na Matendo ya Mitume yanamtaja mchawi Bar-Yesu. Ndiyo maana watu walilazimika kusema Yesu wa Nazareti, kama sisi tunavyosema Marwa wa Chacha. Mwana wa Mungu alipokuja hakuchagua jina ambalo hakuna mwingine analo. Alichukua jina ambalo likiitwa sokoni wangegeuka watu kadhaa.

Na Maria nao walikuwa wengi. Injili ya Yohane inawaonyesha wakisimama pamoja chini ya msalaba, mpaka tunachanganyikiwa nani ni nani. Lakini asubuhi ile ya ufufuko, Maria Magdalena akilia penye kaburi, hakumtambua Bwana kwa uso. Alimtambua alipomwita jina lake tu, lile lile lililokuwa la wanawake wengi. Mchungaji aliijua sauti ya kumwitia huyu Maria na si mwingine.

Mzazi mwenzangu, kabla hujaenda kwa katekista kuandikisha mtoto, nenda kwanza kwa bibi yake ukaulize jina alilokusudia lilitoka wapi, nani alilibeba, na mwaka huo kulikuwa na nini, njaa au mavuno. Yaandike majibu nyumbani, maana wazee wanaondoka nayo. Kisha mpeleke mtoto kanisani akiwa na jina la mtakatifu na jina la ukoo wake. Akikua mwambie habari za yote mawili, na umfundishe kuitika.