Shax: Mchezo wa wafugaji unaosubiri kuandikwa

SHAX ni mchezo wa kale wa wafugaji wa Kisomali. Herufi x katika Kisomali hutamkwa kama h nzito ya kooni. Huchezwa na watu wawili wakati wa mapumziko ya malishoni, nao hauhitaji ubao wala kete za dukani: uwanja huchorwa mchangani, mmoja akatumia vijiti na mwenzake vijiwe.

Huchorwa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha huunganishwa kwa mistari katikati ya kila upande. Hupatikana makutano 24. Kila mchezaji ana kete 12, naye huziweka moja moja kwa zamu hadi uwanja ujae.

Kete tatu zikikaa katika mstari mmoja huitwa jare. Wakati wa kupanga hakuna kuliwa, lakini aliyetangulia kupata jare ndiye huondoa kete ya kwanza ya mpinzani. Kisha mwenzake naye huondoa moja. Hapo kete huanza kusogezwa hatua moja moja, na kila jare mpya hula kete moja. Anayebakiwa na kete mbili ameshindwa.

Mwaka 2000, mtaalamu wa hisabati Jama Musse Jama alichapisha kitabu kuhusu shax na michezo mingine ya jadi. Kazi za namna hiyo ni muhimu. Nchini Marekani, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, ulichapishwa 1974. Wapenzi wake walipotaka kurejea mtindo wa awali katika miaka ya 2000, vitabu vya mwanzo vilikuwapo. Shax, kwa sehemu kubwa, imehifadhiwa vichwani mwa wazee.

Hapo ndipo penye hatari. Ukame wa 2020 hadi 2023, uliotokana na misimu mitano mfululizo ya mvua haba, uliua mifugo mingi kaskazini mwa Kenya, Mandera ikiwamo. Kwa wakazi wa maeneo kama Banissa, mfugaji aliyepoteza mifugo hupoteza pia malisho, na kijana asiyekwenda malishoni hakai na mzee mbele ya uwanja wa mchanga.

Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyakusanya na kuyasajili. Daftari na mzee mmoja anayejua kanuni vyatosha kuanzia.