Kipupwe, Tembe na Jiko la Mkaa

Kipupwe huingia mwezi Juni. Sisi wa Dar es Salaam tunajifunika shuka la pili, tukadhani tumeiona baridi. Kule Njombe na Makete sakitu hulala juu ya majani, na kuiandaa nyumba ni jambo la uhai. Wiki hii nataka tutazame wazee wetu walivyojikinga, na sisi tulivyobadili mambo.

Wahehe, Wasangu na Wagogo walijenga tembe: nyumba ndefu yenye kuta nene za miti na udongo, na paa bapa la fito na nyasi lililofunikwa udongo. Udongo huo hupokea joto la jua polepole mchana na kulirudisha polepole usiku. Mifugo ililala ndani, nayo ikaongeza joto. Wairaqw wa Mbulu walichimba ubavu wa kilima, nyumba ikazama nusu ardhini, adui asiione na upepo usiipate. Kazi ya mwenye nyumba ilikuwa kukandika nyufa na kuweka kuni kavu mapema.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976, kuishi vijijini kwa pamoja ni lazima. Wengi waliziacha tembe zao, na nyumba bora katika fikra zetu ikawa ile ya bati. Mimi silikatai bati. Halioti ukungu, na maji ya mvua hukingwa vizuri. Lakini bati ni jembamba. Joto linalolipata mchana hulipoteza mara jua linapozama, na asiye na dari hulala chini ya baridi tupu.

Hapo ndipo jiko la mkaa linapoingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na matambara yakazibwa dirishani.

Katika nyumba za zamani moshi wa kuni ulitafuta njia kwenye mianya. Uliumiza macho na mapafu ya mama zetu, wala sisemi turudi huko. Lakini ulikuwa na faida moja: ulipozidi, mtu alikohoa akatoka nje. Mkaa ukishakolea hautoi moshi. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukaa katika damu mahali pa oksijeni. Kichwa huuma, usingizi huja, na wengine hawaamki tena. Ndiyo maana baadhi ya familia hukutwa zimekufa asubuhi, jiko likiwa katikati ya chumba.

Basi, kabla ya Juni, ziba mwanya ulio chini ya mlango, anika mablanketi juani, lakini usiyazibe matundu ya hewa yaliyo juu ukutani. Jiko liwashwe nje, na libaki nje hata kama mkaa umekuwa majivu mekundu. Ukiamka na kizunguzungu, fungua mlango, watoe watoto kwanza, kisha uulize sababu.

Na ninyi wenye nyumba za kupangisha katika miji ya nyanda za juu, nina neno moja kwenu. Mpangaji hawezi kuweka dari katika nyumba isiyo yake, ila kodi analipa kila mwezi. Dari mnaiita anasa. Mimi naiona kuwa ndiyo inayomfanya mtu asilale na jiko.