Akiba Inayooza: Bujumbura na Historia ya Mafuta Adimu

Tarehe 31 Julai 1996, siku 6 baada ya Meja Pierre Buyoya kumwondoa madarakani Rais Sylvestre Ntibantunganya, wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Walitaka bunge lirudishwe, vyama vya siasa virejee na pande zote zinazopigana ziketi mezani. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire na Ethiopia zilikubaliana, na Zambia ikafuata. Shehena za Kigoma zikasimama, malori yaliyotoka Dar es Salaam na Mombasa yakazuiwa mipakani. Burundi haina bahari, haina kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha. Kilichokuwa ndani ya matangi ya Bujumbura siku ile ndicho nchi ilichokuwa nacho.

Petroli ikaanza kutolewa kwa mgao. Katika mgao wa namna hiyo jeshi na hospitali hutangulia, na mwenye gari dogo huja mwisho. Hapo ndipo mtu wa kawaida hujua kama serikali yake iliweka akiba au haikuweka.

Tangu mwaka ule Burundi imekosa mafuta kwa sababu 3 zisizofanana: kufungiwa na majirani, kuvurugika kwa njia inayopita kwa jirani, na kukosa fedha za kigeni za kununulia. Akiba ya dharura inaweza kutibu mbili za kwanza. Ya tatu haiwezi, na ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko zote.

Reli, ziwa na mkataba wa faranga moja

Mafuta ya Bujumbura yamekuwa yakitegemea njia ya mtu mwingine tangu enzi za ukoloni. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka pwani. Vita vilipokwisha, Waingereza wakachukua Tanganyika, Wabelgiji wakapewa Ruanda-Urundi. Bandari ya bahari ikabaki upande mmoja, na mji wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, upande mwingine.

Dawa ya Wabelgiji ilikuwa mkataba. Machi 1921 Uingereza iliwakodishia maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Shehena ilishuka Dar, ikapanda treni hadi Kigoma, kisha ikavuka ziwa kwa matishari mpaka Usumbura, safari ya kilomita kama 170. Bandari ya Bujumbura tunayoijua leo ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya njia hiyo hiyo.

Tanganyika ilipokaribia kujitawala, Julius Nyerere alisema wazi kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na mkataba wa milele ambao haikuutia sahihi. Hoja ilikuwa ya haki, na shehena ziliendelea kupita. Lakini Burundi, iliyopata uhuru Julai 1962, ilirithi utegemezi ule bila hata karatasi ya faranga moja. Miaka 34 baadaye Nyerere huyo huyo ndiye alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na njia ile ile ndiyo iliyofungwa.

Wakubwa walivyojifunza mwaka 1973

Wazo la serikali kuhifadhi mafuta kwa siku ya shida lilipata nguvu Oktoba 1973, wakati nchi za Kiarabu zilipopunguza uzalishaji na kuzinyima Marekani na Uholanzi mafuta kwa kuiunga mkono Israeli vitani. Ndani ya miezi michache bei ya pipa ilipanda mara 4 hivi. Nchi nyingi za Afrika, Burundi ikiwamo, zilikuwa zimevunja uhusiano na Israeli mwaka huo huo. Hazikunyimwa mafuta, ila bei haikuzibagua.

Mataifa tajiri yaliunda Shirika la Kimataifa la Nishati Novemba 1974, na baadaye kila mwanachama anayeagiza mafuta akatakiwa kuwa na akiba ya siku 90 za uagizaji wake. Marekani ilitunga sheria Desemba 1975, ikachimba mapango ndani ya miamba ya chumvi huko Texas na Louisiana na kuyajaza mafuta ghafi. Mapango hayo yanaweza kubeba mapipa zaidi ya milioni 700.

Namna yalivyotumika ina mafunzo. Januari 1991, vita vya Ghuba vilipoanza, Marekani ilitangaza kuuza sehemu ya akiba yake. Siku iliyofuata bei ikaanguka kwa takriban theluthi, kabla tone lolote halijafika sokoni: mashambulizi yalikwenda vizuri, na wafanyabiashara walijua akiba ipo. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliharibu mitambo ya pwani ya Marekani, na wanachama wa shirika wakatoa mapipa milioni 60. Mwaka 2011, mafuta ya Libya yalipokatika, walitoa milioni 60 mengine. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, walikubaliana mara 2 kutoa jumla ya mapipa zaidi ya milioni 180. Safari hiyo wakosoaji walilalamika kwamba akiba inatumika kushusha bei badala ya kuziba pengo.

Jambo moja ni la kukumbuka katika visa vyote. Nchi hizo zilifungua akiba zikijua kwamba zina fedha ya kuijaza tena.

Miaka ya vikwazo

Burundi ya 1996 haikuwa na siku 90. Kilichoiokoa kilikuwa magendo. Mafuta yaliingia usiku kwa mitumbwi ya Ziwa Tanganyika, mengine yakapenya kutoka Rwanda na kutoka Uvira nchini Zaire, Kongo ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, mwendo usiofika hata saa moja kwa gari. Oktoba 1996 Uvira ilitekwa na waasi wa AFDL waliokuwa wakielekea kumwondoa Rais Mobutu wa Zaire, lakini biashara ya mpakani haikufa. Ilibadilisha wa kumlipa. Mfumo huo uliwatajirisha wachache wenye magari, silaha na vibali. Mkulima wa kawaida aliuona kwenye nauli na bei ya chumvi.

Mashirika ya misaada yalipewa ruhusa maalumu kwa baadhi ya mahitaji. Aprili 1997 vikwazo vililegezwa kwa chakula, dawa, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi na pembejeo. Mafuta hayakuwamo katika orodha hiyo. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, baada ya miaka 2 na nusu.

Je, matangi yaliyojaa yangeisaidia Burundi? Yangeipa miezi, si miaka. Hata siku 90 zingekwisha Oktoba 1996. Akiba hununua muda wa kujadiliana, kutafuta njia nyingine au kupunguza matumizi kwa mpango. Serikali iliyoonekana ina akiba ya kutosha ingekwenda mezani ikiwa na uso mwingine.

Matangi matupu ya Jinja

Pigo la pili lilitoka mbali na Burundi. Matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zikalipuka. Reli iling'olewa Kibera, barabara za Bonde la Ufa zikawekewa vizuizi, na malori ya mafuta yaliyokuwa yakipakia Eldoret yakakwama. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo zilikosa mafuta kwa ugomvi usiozihusu.

Uganda ilikuwa na jibu, kwa maandishi. Huko Jinja kulikuwa na matangi ya serikali yaliyojengwa katika miaka ya 1970, yenye uwezo wa kubeba lita milioni 30, hasa kwa siku kama hiyo. Yalipohitajika, hayakuwa na kitu. Bei Kampala ikapaa mara kadhaa, na nchi ikajifunza kwamba kuwa na matangi si kuwa na akiba.

Burundi ilikuwa na nafuu moja: Dar es Salaam. Tangu hapo wafanyabiashara wengi wa mafuta waliuelekea ukanda wa kati unaoanzia bandari hiyo, na Tanzania ikaurahisisha ilipoanza utaratibu wa kuagiza mafuta kwa pamoja, ambao leo husimamiwa na wakala wake, PBPA. Meli moja hushusha mafuta ya kampuni nyingi, na sehemu kubwa huvuka kwenda nchi jirani. Lakini kwa Burundi karibu yote huja kwa barabara. Njia ya ziwa, iliyoujenga mji wa Bujumbura, imebaki nyembamba. Meli ya Tanzania MT Sangara, iliyokarabatiwa miaka ya hivi karibuni, hubeba lita 410,000 kwa safari, sawa na malori 11 au 12. Ni msaada wa kweli siku barabara ikifungwa, ila meli moja haiwezi kubeba nchi.

Petroli haifuati methali

Wahenga walisema akiba haiozi. Petroli huoza. Ikikaa tangini miezi mingi, sehemu zake nyepesi hugeuka mvuke, zinazobaki huanza kuganda kama gundi na kuharibu injini. Dizeli, au mazutu kama wanavyoiita Bujumbura na Uvira, huvumilia zaidi, lakini maji yakijikusanya chini, vijidudu huota humo na kuziba vichujio.

Kwa hiyo mwenye bohari hana budi kuizungusha akiba: ya zamani inauzwa vituoni, mpya inaingia. Mpimaji hupanda juu ya tangi, hushusha utepe wa chuma wenye timazi nchani, huupaka dawa inayobadilika rangi inapogusa maji, kisha husoma vina viwili, cha mafuta na cha maji. Chini ya mdomo wa bomba hubaki mafuta ambayo pampu haiwezi kuyanyonya. Hayo huhesabiwa kwenye vitabu, na siku ya dharura hayamfikii mtu. Serikali ikitangaza lita zake, swali la kwanza la mjuzi ni ngapi kati ya hizo zinaweza kutoka.

Nchi isiyo na bahari inayofanya kazi hii vizuri ni Uswisi. Sheria yake huwalazimu waagizaji kutunza petroli, dizeli na mafuta ya kupashia joto ya miezi 4 na nusu, kupitia chombo chao kiitwacho Carbura, na gharama hulipwa na mtumiaji. Mwaka 2018 Mto Rhine ulikauka kiasi kwamba matishari ya kwenda Basel yalibeba shehena pungufu. Serikali ikafungua akiba, wananchi wakaendelea na shughuli zao, na mto ulipojaa akiba ikajazwa. Ubelgiji nayo, iliyoitawala Burundi, ilikabidhi kazi hii kwa chombo maalumu, APETRA, kwa sheria ya mwaka 2006.

Burundi si kwamba haikuwahi kuifikiria njia hiyo. Ina maghala ya mafuta Bujumbura na Gitega, na katika hesabu ya bei ya pampu kumekuwa na fungu la kuchangia akiba ya mkakati. Mwenye gari amekuwa akiilipia.

Uhaba usio na mzingiro

Pigo la tatu lilichungulia mwaka 2017, kisha likaingia kwa nguvu tangu 2021. Hakuna jirani aliyefunga mpaka, na bohari za Dar es Salaam zilikuwa na mafuta. Kilichokosekana ni dola. Wafadhili wengi walikata misaada baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015, mauzo ya nje hayakuziba pengo, na pengo kati ya bei rasmi ya faranga na bei ya mitaani likazidi kupanuka. Serikali iliipa REGIDESO, shirika la maji na umeme, kazi ya kuagiza mafuta. Baadaye ikaunda kampuni ya umma, SOPEBU, na mwaka 2025 ikaletwa programu ya simu ya kugawia mafuta, Igitoro Pass.

Foleni hazikuisha. Magari hulala mbele ya vituo, madereva wakiyasukuma kwa mikono kuokoa tone lililobaki. Wenye uwezo huvuka Gatumba kwenda Uvira, wanakopata mafuta kwa wale wauzaji wa kando ya barabara ambao mashariki mwa Kongo huitwa makadhafi. Jerikani ya lita 20 hurudi Bujumbura ikiwa na bei mara kadhaa ya ile rasmi, na vita vikisogea upande ule wa Kongo, hata mlango huo hubana.

Hapa ndipo akiba ya dharura hufikia mwisho wa uwezo wake. Nchi ikifungua matangi kwa sababu haina dola, itakuwa haina dola siku ya kuyajaza pia. Itapata miezi 2 ya nafuu, kisha siku barabara ya Dar itakapokatika kwa mafuriko au ghasia itakuta matangi ya Bujumbura yamefanana na yale ya Jinja mwaka 2008.

Miradi ya kukarabati bandari ya Bujumbura inaendelea kwa msaada wa wafadhili, na reli mpya inajengwa kutoka Uvinza kuelekea Musongati. Hayo yatapanua njia, nayo ni mambo mema. Lakini lita ya akiba hununuliwa kwa fedha inayotoka kwenye kahawa, chai na dhahabu. Kahawa inayovushwa kwa magendo kwenda nchi jirani, kwa kuwa bei rasmi ya faranga haimlipi mkulima, huondoka na dola ambayo ingejaza tangi. Waziri atakayetaka kuweka akiba ya siku 90 ataanza kazi yake Kayanza na Ngozi, kwa mkulima wa kahawa, kabla hajaita mkandarasi wa matangi.