Kompyuta ya mkimbizi: kwa nini Commodore 64 bado inawashwa

Wapo wanaodhani kompyuta inapata heshima kwa sababu ya miaka yake. Umri peke yake hautoshi. Nyingi za miaka ya 1980 zilitupwa jalalani na hakuna anayezililia.

Tutazame ile inayoitwa Commodore 64. Kampuni iliyoitengeneza ilianzishwa na Jack Tramiel, Myahudi aliyezaliwa Łódź, nchini Poland, mwaka wa 1928. Wanazi walimpeleka Auschwitz, kisha kwenye kambi ya kazi karibu na Hannover. Baba yake alifia kambini; yeye akakombolewa mwezi wa nne 1945. Alipofika Marekani aliingia jeshini, akajifunza kutengeneza mashine za kuandikia zilizoharibika, halafu akafungua duka la kazi hiyo New York. Toka hapo akaenda kwenye mashine za kupiga hesabu, mwishowe kompyuta. Ndugu zetu walioko kambini wanaoishi kwa kutengeneza simu wanaijua njia hiyo.

Commodore 64 ilianza kuuzwa mwaka wa 1982 kwa dola 595. Mwaka uliofuata Apple ilileta Lisa, mashine yenye maarifa zaidi, kwa dola 9,995. Nani angeinunua? Tramiel alitaka mashine ya mtu wa kawaida, na kwa kuwa kampuni yake ilijitengenezea chipu zake yenyewe, bei iliendelea kushuka. Iliuzwa hata kwenye maduka ya vitu vya watoto. Uliichomeka kwenye televisheni ya nyumbani, na programu ulizihifadhi kwenye kaseti, kama tulivyohifadhi nyimbo. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu ya leo haiingii humo.

Kwetu sisi watu wa redio, utamu uko kwenye sauti. Chipu yake iitwayo SID, iliyobuniwa na Bob Yannes, ilitoa sauti tatu kwa wakati mmoja, na vijana wa Ulaya wakaigeuza kuwa chombo cha muziki.

Tramiel aliondoka mwaka wa 1984, na kampuni ikafilisika mwaka wa 1994, ikiwa imeuza mamilioni ya mashine hizo. Lakini hadi leo watu wanatunga nyimbo kwa SID na kuandika michezo mipya. Chipu za zamani zinapokufa, mafundi wanatengeneza nyingine za kuziba nafasi.